Zahanati Yenye Wenyewe

Kabla ya kuipima huduma hii, kliniki inayomilikiwa na kuendeshwa na wenyeji wa asili wa Australia wenyewe, sina budi kueleza nimeitazama nikiwa wapi. Mimi si mwenyeji wa asili wa Australia. Nilizaliwa Tanga, nikasomea uuguzi, na kwa miaka sita sasa ninatunza wazee katika mji mmoja wa bara, katikati ya jimbo la New South Wales, kwenye ardhi ya watu wa Wiradjuri. Kliniki ninayoieleza niliifahamu kupitia jirani yangu, bibi wa miaka sabini na kitu ambaye mtaa mzima humwita Anti. Aliniomba nimsindikize mara moja tu, alipotoka kufanyiwa upasuaji wa jicho, na tangu hapo nimekuwa nikienda naye kila baada ya miezi mitatu. Kwa hiyo nilichonacho ni macho ya msindikizaji aliyekaa sana kwenye benchi, pamoja na macho ya mtu wa fani hiyo hiyo ambaye hawezi kuingia chumba cha sindano bila kuangalia takataka zinatupwa wapi. Jina la kliniki sitalitaja, kwa kuwa ninayo malalamiko nayo, na mji wenyewe ni mdogo.

Kliniki hii ni mojawapo ya mashirika ya afya ya wenyeji wa asili zaidi ya 140 yaliyoenea Australia nzima, kuanzia katikati ya miji mikubwa hadi vijiji vya jangwani ambako lami haijafika, na utaratibu wake ni rahisi kuueleza ingawa si rahisi kuuendesha. Wenyeji wa asili wa mahali husajili shirika lao. Wanachama huchagua bodi katika mkutano mkuu wa mwaka. Bodi huajiri mkurugenzi, na mkurugenzi huajiri madaktari, wauguzi na madereva. Serikali hutoa sehemu kubwa ya fedha, lakini kiti cha mwenyekiti si chake. Shirika la kwanza la namna hii lilianzishwa Redfern, mtaa wa Sydney, mwaka 1971, katika chumba cha duka, na watu waliochoka kudharauliwa hospitalini. Miongoni mwao walikuwamo Shirley Smith, ambaye kila mtu alimjua kwa jina la Mum Shirl, na mwanaharakati Gary Foley, wakisaidiwa na madaktari wa kujitolea kama Fred Hollows, bingwa wa macho ambaye baadaye aliongoza kampeni ya nchi nzima dhidi ya ugonjwa wa vikope (trakoma). Chuoni tulikaririshwa azimio la kimataifa la Alma-Ata la 1978 kana kwamba siku hiyo ndipo huduma ya afya ya msingi ilipozaliwa. Hakuna mwalimu aliyetuambia kuwa miaka saba kabla yake watu wa Redfern walikuwa wameshafungua mlango, wameweka benchi na kuanza kazi.

Huduma yenyewe huanzia barabarani. Saa mbili na nusu asubuhi basi dogo jeupe husimama mbele ya nyumba ya Anti, na dereva hapigi honi: hushuka, hubisha hodi, husubiri. Mara ya kwanza nilidhani ni adabu yake tu. Baadaye nilitambua kuwa hiyo ni sehemu ya kazi aliyoajiriwa kuifanya, kwa sababu yeye ndiye anayejua nani amefiwa, nani amehamia kwa binti yake, na ni nyumba ipi ambayo leo haifai kubishwa hodi kabisa. Aliyekosa miadi kwa sababu ya msiba hafutwi kwenye orodha wala hatumiwi barua ya onyo. Hupangiwa siku nyingine bila kuulizwa maswali. Msiba kwa watu hawa, kama ulivyo kwetu, haumaliziki kwa kufukia kaburi. Ukoo hukusanyika siku nyingi, wengine wakisafiri mamia ya kilomita, na kliniki isiyolijua hilo itawaandika nusu ya wagonjwa wake kuwa ni watoro.

Dirisha la mapokezi halina kioo. Binti aliyekaa hapo hakumwuliza Anti namba ya kadi. Alimwuliza hali ya goti, kisha akanigeukia mimi na kutaka kujua watu wangu ni akina nani na nchi yangu ni ipi. Wenyeji wa asili huulizana hivyo kila wanapokutana, nami sikuhitaji kufafanuliwa, maana ni swali lile lile la wazee wa Tanga: “Mtoto wa nani wewe?” Mwulizaji hatafuti umbea, anatafuta uzi utakaowaunganisha. Nilipojibu kuwa mimi ni Mbondei wa Muheza, alicheka, akakiri kuwa hapo uzi umemkatikia, akanionyesha birika la chai lilipo. Ukutani pamechorwa neno moja la Kiwiradjuri, yindyamarra, ambalo Anti alinifasiria kwa kusitasita: ni heshima, ni upole, na ni kwenda polepole, yote hayo kwa pamoja. Nilimwambia kuwa kwetu taratibu ndiyo mwendo, akalirudia neno “taratibu” mara mbili tatu, akalipenda.

Hata hivyo, michoro ukutani isimdanganye mtu. Nimefanya vibarua katika vituo vya afya vya kawaida ambavyo vina bendera ya wenyeji wa asili mlangoni na picha za nukta za mtindo wao kila korido, na bado mgonjwa mwenyeji huongeleshwa kama mtoto mtundu. Msemo unaotumika siku hizi ni usalama wa kitamaduni, nao umetajwa sana hadi unakaribia kupoteza makali yake. Asili yake ni New Zealand, kwa muuguzi wa Kimaori Irihapeti Ramsden, aliyeufanyia kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1992 Baraza la Wauguzi la nchi hiyo likauingiza katika mafunzo. Kiini chake ni kimoja: anayeamua kama huduma ilikuwa salama ni aliyehudumiwa. Muuguzi hatakiwi kukariri mila za watu kama anavyokariri dozi. Anatakiwa kujitazama mwenyewe, pamoja na lugha yake, cheo chake na mamlaka aliyonayo juu ya mtu aliyelala kitandani bila nguo. Mwaka 2022 Australia iliuweka msimamo huo katika sheria inayosimamia wataalamu wa afya.

Kwa kipimo hicho, maoni yangu mimi kuhusu usalama wa kliniki hii hayana uzito mkubwa. Yenye uzito ni ya Anti, naye si msemaji. Nilichoweza kufanya ni kumtazama anavyokaa. Hospitalini huchagua kiti cha karibu na mlango, koti mwilini, mkoba mapajani, mikono yote miwili juu ya mkoba. Mwaka juzi nilimpeleka kwenye chumba cha dharura cha hospitali moja akiwa na maumivu ya kifua. Tulikaa saa nne, akaulizwa mara mbili na watu wawili tofauti kama amekunywa pombe, ambayo hajaigusa tangu nimjue, kisha akasimama na kusema twende nyumbani. Katika daftari la hospitali bila shaka iliandikwa kuwa mgonjwa aliondoka kwa hiari yake. Wakati tunarudi aliniambia kuwa alizaliwa kwenye veranda ya hospitali, kwa kuwa wakati huo wodi ilikuwa ya Wazungu, na kwamba mama yake alijifungua akiwa na hofu nyingine kubwa kuliko uchungu, yaani hofu ya maofisa waliokuwa wakiwachukua watoto wa wenyeji na kuwapeleka kwenye makao ya serikali. Kliniki, kwa upande mwingine, Anti huvua koti. Mkoba huuweka sakafuni. Safari moja nilimkuta amesinzia.

Sasa nieleze uchunguzi wenyewe. Bima ya taifa, Medicare, hulipia uchunguzi maalumu wa afya kwa kila mwenyeji wa asili, na namba yake katika orodha ya malipo, 715, imekuwa jina lake la mtaani; watu husema wanakwenda kufanya “saba kumi na tano” kama sisi tunavyosema tunakwenda kupima presha. Ule wa Anti ulichukua zaidi ya saa nzima, na sehemu kubwa ilifanywa na mhudumu wa afya ambaye naye ni mwenyeji wa asili. Hawa si wasaidizi wa kubeba mafaili: tangu mwaka 2012 wenye mafunzo ya ngazi ya juu husajiliwa kitaifa kama wauguzi na madaktari wanavyosajiliwa, na kwa maoni yangu wao ndio uti wa mgongo wa mfumo huu. Mhudumu huyo alipima presha, sukari, uzito, mkojo na masikio, akamwuliza Anti kuhusu meno, usingizi, wajukuu anaowalea na kama friji inafanya kazi. Swali la friji lilinishangaza hadi nilipokumbuka kuwa Anti anatumia insulini, dawa ya kisukari inayohitaji kuwekwa kwenye baridi.

Alikaa ubavuni mwa Anti, si mbele yake, na wote wawili wakawa wanatazama dirishani. Alipouliza jambo zito aliacha ukimya ukae, hata nikaanza kuhangaika kwenye kiti changu, na jibu likaja baada ya muda ambao mimi ningekuwa nimeshauliza maswali mengine matatu. Zaidi ya hapo, hakuuliza maswali ya ndiyo na hapana. Kila aliyewahi kufanya kazi wodini anamjua mgonjwa anayejibu “ndiyo, daktari” kwa kila kitu ili mambo yaishe salama. Muheza wapo wengi, na huku wapo vile vile, kwa sababu ambazo historia imewapa. Mhudumu alimwambia, “Nisimulie asubuhi yako ilivyo, tangu unapoamka,” na katika masimulizi hayo ndipo ilipojitokeza kwamba dawa ya presha Anti huinywa siku moja na kuiacha siku mbili, kwa kuwa humfanya aende chooni mara kwa mara na choo cha nyumba yake kiko uani. Daktari aliyeingia mwishoni alibadilisha dawa. Vilevile iliandikwa barua kwa idara ya nyumba.

Gharama haikuwepo. Kumwona daktari hapa ni bure kwa mwenye kadi ya Medicare, wakati madaktari wengi wa kawaida mjini hutoza nyongeza, na dawa nazo, kwa mpango wa serikali ulioanza mwaka 2010, hupunguzwa bei kwa wenyeji wa asili wenye maradhi sugu au walio hatarini kuyapata, hadi kuwa bure kabisa kwa wenye kadi ya unafuu ambayo serikali huwapa wenye kipato kidogo. Juu ya hayo Anti alipewa fulana ya timu ya ragbi. Ni mpango uitwao Deadly Choices, ulioanzia kusini-mashariki mwa Queensland, ambao humzawadia fulana anayekamilisha uchunguzi. Neno hilo la kwanza kwa kawaida ni “ya kuua”, lakini katika Kiingereza cha wenyeji lina maana ya kitu kizuri mno. Niliucheka mpango huo hadi nilipoona vijana wa kiume, kundi ambalo popote duniani ni gumu kulifikisha kliniki, wamepanga foleni kutoa mkojo wa kupimwa ili wapate fulana. Anti alipewa ya timu asiyoipenda. Anailimia bustani.

Upungufu upo, na si mdogo. Wa kwanza ni madaktari wapita njia. Katika miaka hii Anti ameonwa na madaktari sita au saba, wengi wao wa mkataba wa wiki chache, na kila mmoja alianza hadithi upya tangu jicho hadi goti. Mhudumu wa afya na dereva ni wale wale, na hilo huokoa mengi, lakini haliwezi kuziba pengo la daktari anayemjua mgonjwa wake. Mara moja vipimo vyake vya figo vilikaa kwenye mfumo majuma matano bila kufunguliwa na yeyote, kwa sababu aliyeviagiza alikuwa ameshaondoka. Nililalamika kwa maandishi. Meneja alinijibu kwa adabu na kwa haraka, na sasa kuna muuguzi wa kufuatilia majibu, jambo lililopaswa kuwapo tangu mwanzo.

Upungufu wa pili ni wa faragha, nao hauzungumzwi sana kwa kuwa unatokana na uzuri ule ule nilioueleza. Kliniki ya ukoo ina macho ya ukoo. Binti wa mapokezi ni mjukuu wa dada yake Anti. Kwa Anti hiyo ni raha, ila kwa msichana wa miaka kumi na saba anayetaka dawa za uzazi wa mpango huo ni ukuta. Nimeambiwa kuna mlango wa nyuma na siku maalumu ya vijana. Nimeutafuta huo mlango wa nyuma kwa macho yangu, na unatokea kwenye maegesho ambayo kila mtu huyaona. Upungufu wa tatu ni meno: foleni ya daktari wa meno ni ya miezi, na hapo sina la kutetea.

Ni haki pia kueleza kwamba kliniki yetu si mfano bora kabisa wa mfumo huu. Alice Springs, katikati ya jangwa, shirika la Central Australian Aboriginal Congress lililoanzishwa mwaka 1973 lina kituo cha wanawake, Alukura, kilichojengwa kwa kufuata sheria ya mabibi, yaani mila za wanawake wazee, na kingine cha wanaume, Ingkintja, chenye mabafu na mahali pa kufulia nguo, ili masuala ya kike na ya kiume yasikutane kwenye korido moja. Katika eneo hilo jina la marehemu halitamkwi, na aliye hai mwenye jina kama hilo huitwa Kumanjayi. Mtu wa mapokezi asiyelijua hilo anaweza kuvuruga chumba kizima kwa kuita jina moja kwa sauti. Brisbane nako kuna mpango wa uzazi ulioanza mwaka 2013, unaoendeshwa na mashirika ya wenyeji pamoja na hospitali ya Mater, ambapo kila mjamzito hupewa mkunga wake mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa waliohudumiwa humo walikuwa na uwezekano mdogo kwa takriban 38% wa kujifungua kabla ya wakati kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Ninaoustaajabia zaidi, hata hivyo, ni mpango wa figo wa watu wa jangwa la magharibi. Mgonjwa ambaye figo zake zimekufa husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, kila mara kwa saa kama tano, na mashine zilikuwa Alice Springs, zaidi ya kilomita 500 kutoka kijiji cha Kintore. Wazee walikuwa wakihamishiwa mjini na kufia huko, mbali na ardhi yao na wajukuu ambao wazee hao walipaswa kuwafundisha. Mwaka 2000 wachoraji wa Kintore na Kiwirrkurra walichora turubai kubwa za pamoja, zikanadiwa Sydney, na fedha zilizopatikana zikavuka dola milioni moja. Mwaka 2004 mashine ikaanza kufanya kazi Kintore kwenyewe. Shirika lililozaliwa hapo hujulikana kama Purple House, nalo leo lina vituo katika vijiji vingi, lori lenye mashine ndani yake kwa ajili ya wanaotaka kurudi kwao kwa ajili ya mazishi au sherehe, na mafuta ya kupaka yatokanayo na miti ya porini. Medicare ilianza kulipia rasmi usafishaji wa damu vijijini mwaka 2018, miaka 14 baada ya wagonjwa kujilipia kwa brashi.

Kuna wanaoipima huduma hii kwa urefu wa maisha na kuitia walakini, kwa kuwa takwimu za 2020 hadi 2022 bado zinaonyesha mwanamume mwenyeji wa asili akitarajiwa kuishi miaka 71.9 na mwanamke 75.6, yaani pungufu kwa miaka 8.8 na 8.1 ukilinganisha na wengine. Sikubaliani na hukumu hiyo. Homa inayoharibu moyo wa mtoto huanzia kwenye koo na ngozi, ndani ya nyumba yenye watu kumi na wanne na bomba moja. Kliniki humchoma penisilini kila baada ya siku 28 kwa miaka mingi, lakini bomba la pili halimo katika uwezo wake. Choo cha Anti bado kiko uani. Barua ya idara ya nyumba ilijibiwa baada ya miezi minne, nayo ilisema ombi limepokelewa.

Kwa anayehitaji kujua, ninaipa kliniki hii nyota nne kati ya tano; ya tano nimeizuia kwa sababu ya yale majuma matano ya vipimo. Hupokea pia wasio wenyeji wa asili nafasi zikiwapo, ingawa ningemshauri Mswahili mwenzangu mwenye daktari wake mjini aziache nafasi hizo kwa wenyewe. Basi linaagizwa kwa simu siku moja kabla, na ni vizuri kusema mapema kama mgonjwa anatumia kiti cha magurudumu, kwa kuwa lenye ngazi ya kushusha ni moja tu. Miadi ya Anti inayofuata ni Alhamisi. Daktari, nimeambiwa, ni mgeni.